UZI: Fomula imekupa watu 300. Sawa, 300 wepi? (Sampuli na upendeleo katika utafiti wa saikolojia)

JedwaliNasibu

Wakuu, kila msimu wa tasnifu swali linarudi lile lile: "Walengwa wangu ni 1200, nimetumia fomula ya Yamane nikapata 300, je, sampuli yangu iko sawa?"

Hesabu iko sawa. Sampuli bado hatuijui.

Fomula ni n = N ÷ (1 + N × e²). N ni walengwa wote, yaani watu wote unaotaka kuwasemea; n ni ukubwa wa sampuli, yaani wachache utakaowapima; e ni kosa unalolikubali. Weka N = 1200 na e = 0.05, unapata 1200 ÷ 4, yaani 300. Hapo umeambiwa ukubwa tu, tena kwa masharti ambayo watu huyaruka: hao 300 watolewe kwa nasibu mmoja mmoja kutoka kwenye orodha kamili, wote wajibu, na unachokadiria kiwe asilimia. Ukigawa dodoso kwa waliokuwepo ulipopita, ile 0.05 haina maana tena, hata ukiiandika kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, kwa herufi nzito.

Sharti la asilimia ndilo linalosahaulika zaidi kwenye saikolojia. Wengi wetu hatukadirii asilimia, tunalinganisha wastani wa makundi au tunatafuta uhusiano. Huko ukubwa wa sampuli unatokana na tofauti unayotaka kuiona. Kwa makundi mawili, kiwango cha maana cha 0.05 (nafasi ya kutangaza tofauti isiyokuwepo) na uwezo wa kugundua wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti iliyopo), tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika, inahitaji watu 64 kila kundi. Tofauti ikiwa 0.2 tu ya mkengeuko sanifu, unahitaji karibu 400 kila kundi. Kwa hiyo 300 za Yamane zinaweza kuwa nyingi mno au chache mno. Inategemea swali lako.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo uzi huu utayarudia. Kuna kosa la sampuli, ambalo linatokana na bahati ya nani kaangukia ndani. Hilo hupungua kadiri watu wanavyoongezeka, ingawa polepole: kulipunguza nusu unahitaji watu mara nne. Halafu kuna upendeleo, yaani njia yako ya kupata watu inavuta jibu upande mmoja. Huo haupungui hata ukiongeza watu. Unachopata ni jibu lisilo sahihi lenye desimali nyingi zaidi.

Mfano wa darasani ni kura ya maoni ya jarida la Literary Digest, Marekani, 1936. Walituma karatasi takriban milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatabiri Landon atashinda urais dhidi ya Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa karibu asilimia 61 ya kura. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba majina yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, basi wakapatikana wenye nafasi. Hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1988 Peverill Squire alipitia data ya uchunguzi mwingine wa 1937 na kuonyesha kwamba kama wote waliotumiwa karatasi wangezirudisha, jarida angalau lingemtaja mshindi sahihi. Orodha ilikuwa mbovu, ila kilichowamaliza ni tabia ya nani anarudisha karatasi na nani anaitupa.

Kwa hiyo kabla ya fomula yoyote, hatua ni hizi. Eleza walengwa kwa mipaka inayoweza kukaguliwa: umri, kipindi, kigezo cha kuingia na cha kutolewa. Tafuta orodha inayowakaribia, uikague: nani ameandikwa mara mbili, nani alishaondoka, na la muhimu kuliko yote, nani hayumo kabisa. Ambaye hayumo nafasi yake ya kuchaguliwa ni sifuri, na hakuna hesabu ya baadaye itakayomrudisha. Ipe orodha namba, toa namba nasibu kwa programu, hifadhi mbegu ya uchaguzi, yaani namba ambayo programu inaanzia, ili mwingine akirudia apate majina yale yale.

Ukichagua kwa kuruka, yaani kila wa nne kwa 1200 ÷ 300, anza na namba nasibu kati ya 1 na 4, kisha itazame orodha imepangwaje. Orodha ya wanandoa iliyoandikwa mume, mke, mume, mke, ukiruka nne nne, itakupa waume watupu au wake watupu. Ivuruge kwanza.

---

SaikoMwaka3

Mkuu shukrani. Sasa mpango niliopewa ni huu: kuchagua madarasa 20 kwa nasibu, kisha wanafunzi 15 kwa nasibu kila darasa, kupima msongo wa mawazo. 20 × 15 = 300. Nasibu juu ya nasibu. Kuna tatizo gani?

---

DesimaliTatu

Tatizo si upendeleo, hapo uko salama kama madarasa yanalingana ukubwa. Yakitofautiana, mwanafunzi wa darasa dogo ana nafasi kubwa ya kuchaguliwa kuliko wa darasa kubwa, basi lazima umpe kila mmoja uzito wake, yaani jibu lake lihesabiwe zaidi au pungufu kufidia nafasi aliyokuwa nayo, au uchague madarasa kwa kufuata ukubwa wake. Tatizo lako ni kwamba 300 zako si 300.

Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, mitihani ile ile, mkorofi yule yule. Msongo wao unafanana. Ukishampima wa kwanza, wa kumi na tano hakuletei habari mpya kamili. Kufanana huko kuna kipimo, tukiite r, kati ya 0 na 1. Mtakwimu Kish alitupa hesabu nyepesi: kizidisho = 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila kundi.

Chukua r = 0.10. Kizidisho ni 1 + 14 × 0.10 = 2.4. Gawa 300 kwa 2.4, unabaki na 125. Yaani usahihi wako ni sawa na wa watu 125 waliochaguliwa mmoja mmoja.

Badili mpango: madarasa 60, wanafunzi 5 kila moja. Kizidisho kinashuka hadi 1.4, na sampuli yenye nguvu inapanda hadi 214. Watu ni wale wale 300, gharama ya kutembelea tu ndiyo imeongezeka. Ukilazimika kubaki na 15 kwa darasa na unataka nguvu ya watu 300, unahitaji 720, sawa na madarasa 48.

Na kwenye uchambuzi usijifanye hujui kwamba kulikuwa na madarasa. Tumia modeli za ngazi mbili (mwanafunzi na darasa lake) au makosa sanifu, yaani vipimo vya mashaka ya makadirio, yanayozingatia makundi. Ukiyapuuza, thamani za p (nafasi ya kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) zinakuwa ndogo kuliko zinavyostahili, unatangaza ugunduzi ambao haupo.

---

Hojaji

Niongezee kwenye kutojibu, kwa sababu sehemu hii watu wanaandika sentensi moja, "dodoso 180 zilirudi, sawa na asilimia 60, kiwango kinachokubalika," wanasonga mbele. Kinachokubalika na nani?

Tufanye hesabu. Umewatumia 300, wamejibu 180. Kati yao 72, yaani asilimia 40, wana wasiwasi wa kiwango cha juu. Ukitumia fomula ya kawaida unaandika 40 kujumlisha au kutoa 7. Sasa waulizie wale 120 walionyamaza. Kama hakuna hata mmoja mwenye wasiwasi, ukweli ni 72 kwa 300, asilimia 24. Kama wote wanao, ni 192 kwa 300, asilimia 64. Data yako peke yake inaruhusu popote kati ya 24 na 64. Ile 7 inazungumzia bahati tu, haigusi ukimya.

Mipaka hiyo ni ya kupindukia, nakubali. Ila kwenye saikolojia ukimya mara nyingi unahusiana na kile kile unachopima. Mwenye sonona nzito hana nguvu ya kujaza maswali 90. Mwenye wasiwasi wa kijamii hapokei simu ya asiyemjua. Ukipima upweke kwa dodoso linalogawiwa kwenye mikutano ya vikundi, umeshawaacha nje wapweke wenyewe.

Cha kufanya: mkumbushe mara mbili au tatu kwa njia tofauti. Linganisha waliojibu mapema na waliojibu baada ya kusukumwa. Wakitofautiana, wasiojibu huenda wako mbali zaidi upande huo. Linganisha waliojibu na orodha nzima kwa kile orodha inachokijua, umri, jinsia, mwaka wa masomo. Na kilicho bora kuliko vyote: chukua kwa nasibu 30 kati ya wale walionyamaza, uwafuate kwa bidii na maswali matatu tu.

Cha kutofanya: kumwondoa aliyekataa na kumweka jirani yake aliyekubali. Idadi inatimia, ila sasa una sampuli ya wapenda kujibu. Vivyo hivyo kutuma 500 kwa kutarajia 300 warudi. Ni sawa kwa usahihi, lakini waliokosekana ni wa aina ile ile, wameongezeka tu.

---

Maabara

Wakuu mnaandika kama vile kila utafiti wa saikolojia ni uchunguzi wa maoni. Kwenye majaribio tunachohitaji ni upangaji nasibu, si uchaguzi nasibu. Nikiwa na wanafunzi 128 waliojitolea, nikawagawa kwa nasibu 64 na 64, tofauti itakayoonekana ina sababu moja. Nani kawachagua si hoja. Mwanasaikolojia Mook aliandika mwaka 1983 kuitetea hali hii: kama lengo ni kupima nadharia inatabiri nini chini ya masharti fulani, huna haja ya sampuli inayowakilisha dunia.

---

JedwaliNasibu

Mkuu nakubaliana nusu. Upangaji nasibu unajibu "je, hiki kimesababisha kile kwa watu hawa?" Uchaguzi nasibu unajibu "je, watu hawa ni kama wale?" Ni maswali mawili, na tasnifu nyingi zinachanganya maneno hayo hadi msomaji hajui kilichofanyika ni kipi.

Nusu nisiyokubali ni hii: athari yenyewe inaweza kubadilika kwa mtu na mtu. Hata mambo tuliyoyaona ya msingi kabisa. Udanganyifu wa macho wa Müller-Lyer, ile mistari miwili ya urefu sawa inayoonekana kutofautiana kwa sababu ya mishale kwenye ncha zake, ulidhaniwa ni wa binadamu wote. Segall, Campbell na Herskovits walipoupima kwenye jamii nyingi, kazi yao ikatoka 1966, Wamarekani walidanganyika sana, na Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika. Sasa kama urefu wa mstari haufanani, nani atanihakikishia kwamba kujiheshimu au ukarimu unafanana?

Arnett mwaka 2008 alihesabu majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani ya 2003 hadi 2007: asilimia 96 ya sampuli zilitoka nchi tajiri za Magharibi zenye asilimia 12 ya watu wa dunia. Marekani peke yake ilikuwa asilimia 68. Henrich, Heine na Norenzayan wakaja 2010 na hoja kwamba watu hao, kwa vipimo vingi, wako ukingoni mwa mgawanyo wa binadamu. Yaani tumejenga vitabu vya kiada juu ya watu wa pembeni.

---

Hojaji

Na kujitolea nako si kitu kidogo, Maabara. Gereza la majaribio la Stanford la 1971 lilipata watu kwa tangazo la gazeti lililotaja utafiti wa maisha ya gerezani. Mwaka 2007 Carnahan na McFarland walitangaza matangazo mawili yanayofanana, moja likiwa na maneno "maisha ya gerezani", jingine bila hayo. Walioitikia la gereza walikuwa juu zaidi kwa ukali, kupenda mamlaka na kujikweza, na chini kwa huruma. Maneno matatu ya tangazo yamechuja watu kabla jaribio halijaanza. Ukiwagawa hao kwa nasibu kuwa walinzi na wafungwa, makundi yako yanalingana vizuri, ila yote mawili ni ya aina moja ya watu.

Kwa hiyo tangazo la kutafuta washiriki liandike kwa upana: "utafiti wa saikolojia, dakika 40", pamoja na malipo. Mada yenyewe mtu aikute kwenye fomu ya ridhaa, na uandike wangapi walijitoa baada ya kuisoma.

---

Maabara

Hilo la tangazo nalichukua. Ila basi tuseme na upande wetu unavyoharibika, maana maabara ina wadudu wake. Rosenthal na Fode, 1963: wanafunzi 12, kila mmoja panya watano, wengine wakaambiwa panya wao wamezalishwa kuwa werevu kwenye vichochoro, wengine kuwa wazito wa kujifunza. Panya walikuwa wa aina moja. Wale "werevu" wakafanya vizuri zaidi. Matarajio ya anayepima yalipita kwenye mikono yake. Dawa ni anayepima asijue nani yuko kundi gani, na maelekezo kwa washiriki yasomwe kutoka kwenye karatasi, au yarekodiwe.

Upotevu wa washiriki ndio mbaya zaidi. Unaanza na 60 wa tiba, 60 wa kundi dhibiti lisilopata tiba. Mwisho una 38 na 57. Waliotoroka tiba huenda ndio ambao haikuwasaidia. Ukichambua waliomaliza tu, nasibu yako imeshavunjika. Chambua kila mtu kwenye kundi alilopangiwa mwanzo, na uripoti idadi kila hatua.

---

Kliniki_Data

Mmesahau upendeleo wa Berkson, alioueleza 1946, ambao wanaochukua sampuli kwenye kliniki hutumbukia humo bila kujua.

Fikiria watu 10,000. Elfu moja wana wasiwasi, elfu moja wana kukosa usingizi, na matatizo haya hayahusiani kabisa, hivyo wenye yote mawili ni 100. Tuseme kila tatizo lina nafasi ya asilimia 20 ya kumpeleka mtu kliniki. Mwenye moja anafika kwa asilimia 20. Mwenye mawili anafika kwa asilimia 36, maana ana sababu mbili. Wanaofika: wasiwasi pekee 180, usingizi pekee 180, yote mawili 36. Jumla 396.

Mtafiti wa kwanza anaona wenye yote mawili ni asilimia 9 wakati mtaani ni asilimia 1, anaandika kwamba matatizo haya huandamana. Wa pili, kwa data ile ile, anaona kwamba kati ya wenye wasiwasi ni 36 kwa 216 tu wanaokosa usingizi, ilhali wasio na wasiwasi wote wanakosa usingizi. Anaandika kwamba wasiwasi unakinga. Wote wawili wamesoma mlango wa kliniki, hawakusoma ugonjwa.

---

SaikoMwaka3

Nimeelewa habari ya madarasa. Swali la mwisho: dodoso la mtandaoni? Nikisambaza kiungo napata watu 200, wanawake 150 na wanaume 50, wakati walengwa ni nusu kwa nusu. Nikiwapa uzito si imeisha? Na kuna mwenzangu anatafuta watumiaji wa dawa za kulevya, hao hawana orodha popote.

---

DesimaliTatu

Uzito kwanza. Mwanamke 0.50 ÷ 0.75 = 0.667, mwanaume 0.50 ÷ 0.25 = 2. Jinsia imesawazika. Gharama yake: chukua jumla ya uzito, ipige mraba, ugawe kwa jumla ya miraba ya uzito. 200² ÷ 266.7 = 150. Umepoteza watu 50 wa usahihi. Na hao wanaume 50 kila mmoja sasa anasemea wawili. Kama ni wanaume wanaopenda kujaza dodoso za saikolojia, umekuza sauti yao. Uzito unarekebisha kile ulichokipima na unachokijua kwa walengwa. Kingine hakiguswi.

Mgao, yaani kumpa mhoji idadi ya watu wa kila aina na kumwachia awatafute mwenyewe, nao una shimo lile lile. Kura za maoni za Marekani za 1948 zilitumia mgao, jinsia na umri vikatimia, zikampa Dewey ushindi, akashinda Truman. Ndani ya mgao mhoji alichukua aliye rahisi kumpata.

Kuhusu kiungo chako: zuia majibu ya kurudia, pima muda wa kujaza, weka swali moja au mawili ya kukagua umakini, na andika kabla ya kukusanya ni kigezo gani kitamwondoa mtu. Ukiamua baada ya kuona matokeo, utawaondoa wanaoharibu dhana yako.

---

Kliniki_Data

Kwa wasio na orodha: kuelekezana, mtu anakuleta kwa rafiki yake, peke yake kunakupeleka kwa wenye marafiki wengi na kukuzungusha kwenye kundi moja. Heckathorn 1997 aliboresha hilo. Anza na watu wachache wa makundi tofauti, wape kila mmoja kuponi chache zenye namba, kwa kawaida tatu, ili mtu mmoja asikuletee ukoo mzima. Zawadi mbili ndogo: ya kushiriki na ya kila aliyemleta. Uliza kila mmoja: "Unawajua wangapi wa namna hii, wanaokujua pia?" Jibu hilo ndilo litakalotoa uzito, maana mwenye marafiki 40 ana njia nyingi za kufikiwa kuliko mwenye wanne. Mnyororo uende hatua kadhaa, na uchore nani kamleta nani. Ukiona watu wote wametokana na mwanzilishi mmoja, ongeza waanzilishi.

Zawadi ikiwa kubwa, wataanza kuja wasio walengwa na kuponi zitauzwa. Andaa maswali ya kuwachuja.

---

JedwaliNasibu

Na SaikoMwaka3, kwenye sura ya tatu usiandike "sampuli nasibu" kwa hicho kiungo. Andika hivi: "Washiriki walijitokeza wenyewe kupitia kiungo kilichosambazwa kwenye makundi manne; idadi ya waliokiona haijulikani, hivyo kiwango cha kujibu hakikokotolewi. Wasiotumia mtandao hawakuwa na nafasi ya kushiriki." Halafu useme upendeleo huo unaelekea kuvuta matokeo juu au chini, na kwa nini. Msimamizi akiuliza kosa la kujumlisha au kutoa asilimia 5 liko wapi, mjibu halipo kwa sababu hakukuwa na uchaguzi nasibu.

Kwa yale madarasa, weka jedwali: yaliyochaguliwa, yaliyokubali, wanafunzi waliochaguliwa kila darasa, waliokuwepo siku hiyo, waliojaza hadi mwisho. Wasiokuwepo siku hiyo rudi uwatafute wiki inayofuata. Unapima msongo, na mtoro ni mtu unayemhitaji.